Kusoma kwa Pamoja Chini ya Mlima Meru

Tunapozungumza juu ya utamaduni wa taifa, aghalabu fikira zetu hukimbilia ngoma, mavazi, mapishi, methali na hadithi za wazee. Ni mara chache tunakumbuka kwamba kusoma nako ni jambo la utamaduni. Namna watu wanavyokishika kitabu, mahali wanapokisomea, mtu wanayemsomea na mambo wanayoyasema baada ya kukifunga, yote haya hutofautiana kati ya jamii na jamii, na hubadilika kati ya zama na zama. Kusoma kuna historia yake, na historia hiyo inastahili kuandikwa kama tunavyoandika historia ya ngoma au ya ufundi wa chuma.

Katika insha hii tunakusudia kuitazama historia hiyo katika sehemu moja ya nchi yetu, yaani mji wa Arusha na vijiji vinavyouzunguka Mlima Meru. Tumeichagua sehemu hii kwa sababu mbili. Kwanza, Arusha ni mji wa hati. Azimio la mwaka 1967 limechukua jina lake hapo. Mkataba wa amani ya Rwanda ulitiwa saini hapo tarehe 4 Agosti 1993, na Mkataba ulioiunda upya Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa saini hapo tarehe 30 Novemba 1999. Pili, watu wa mlima huu walijifunza kwa uchungu kwamba hati isiyosomwa na wengi inaweza kuwahamisha wengi.

Siku hizi, katika miji yetu, wako vijana na watu wazima wanaounda vikundi vidogo vya kusoma vitabu. Hukutana mara moja kwa mwezi au kwa majuma mawili, wakazungumza juu ya kitabu walichokisoma, kisha wakachagua kingine. Hapana mtihani, hapana cheti wala posho. Wako wanaoliona jambo hili kuwa ni la kigeni, starehe ya watu wenye nafasi na vitabu vingi nyumbani. Sisi hatukubaliani nao. Tutaonyesha kwamba kusoma kwa pamoja ni desturi ya siku nyingi katika nchi yetu, na kwamba kilicho kipya katika vikundi hivi ni kitu kimoja tu, nacho ni uhuru wa msomaji kuchagua kitabu.

Neno lililopimwa mbele ya wengi

Kabla maandishi hayajafika mlimani, Waarusha na Wameru walikuwa na mazoea ya kupima maneno hadharani. Kwa Waarusha, ambao lugha na desturi zao nyingi zina asili moja na zile za Wamaasai, kila rika lilikuwa na wasemaji wake, yaani malaigwanani, na mashauri ya ugomvi na mali yalisikilizwa katika kikao ambamo kila upande ulisema mpaka ukamaliza. Kwa Wameru, kila ukoo ulikuwa na mshili wake, na washili walikutana kuyazungumza mambo yaliyowahusu watu wote. Katika vikao vya namna hiyo neno halikuwa mali ya mtu mmoja. Lilitamkwa, likajibiwa, likageuzwa upande huu na upande ule, mpaka maana yake ikawa wazi kwa wote.

Pwani nako, ambako maandishi yalitangulia kwa karne nyingi, kusoma hakukuwa jambo la upweke. Utenzi uliandikwa ili usomwe kwa sauti na kusikilizwa. Msikitini palikuwa na darsa, ambapo mwalimu alisoma na kufafanua huku wasikilizaji wamemzunguka. Barazani, mwenye gazeti aliwasomea wasiokuwa nalo, na habari moja ikazaa mazungumzo ya jioni nzima. Serikali ya Kiingereza ilipoanzisha gazeti la Mambo Leo mwaka 1923, gazeti hilo lilienea mbali na pwani, na nakala moja ilipita mikononi mwa watu wengi. Kwa hiyo mtu asiyejua kusoma aliweza kuwa mpenzi wa gazeti, maadamu alikuwa na jirani mwenye kujua.

Tunalitaja jambo hili mapema kwa sababu walimu wetu wengi wanadhani kwamba kusoma kwa kweli ni kule kwa kimya, mtu na kitabu chake. Kusoma kwa kimya ni kuzuri na kuna faida zake. Lakini si namna pekee, wala si namna iliyotangulia kwetu.

Kitabu cha kwanza mlimani

Maandishi yalifika Meru pamoja na misheni na utawala wa Kijerumani, na hayakufika kwa amani. Mwezi wa Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa huko Akeri, na Wajerumani wakalipiza kisasi kikali juu ya Waarusha na Wameru. Baadaye boma lilijengwa Arusha, na misheni ya Leipzig ikaanzisha kituo Nkoaranga kwa Wameru mwaka 1902, kisha Ilboru kwa Waarusha mwaka 1904. Katika vituo hivyo ndimo watoto na vijana wa mlimani walipoanza kushika kalamu.

Kusoma kwa siku hizo kulikuwa na maana pana kuliko tunayoijua leo. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, na hasa Uganda, mtu aliyejiunga na dini mpya aliitwa msomaji, kwa kuwa ubatizo ulikwenda sambamba na kujifunza herufi. Msomaji hakusoma peke yake. Alikaa na wenziwe, wakatamka silabi pamoja, wakakariri pamoja, wakaimba kutoka kitabu kimoja cha nyimbo. Hapo ndipo wengi walipopata urafiki mpya uliovuka mipaka ya ukoo na rika.

Hata hivyo, hatuna budi kuliona pia pungufu la zama hizo. Vitabu vilikuwa vichache, na vyote vilichaguliwa na mwalimu. Msomaji alitakiwa kupokea, wala hakuzoezwa kuuliza. Alijua kitabu kimoja kwa kina, na huenda asikione cha pili maisha yake yote. Ule mtindo wa kikao, wa kulijibu neno na kuligeuza, ulibaki nje ya mlango wa darasa.

Hati zilizohamisha watu

Mtindo huo ulirudi kwa njia nyingine. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya Kiingereza ilimteua Jaji Mark Wilson achunguze ugawaji wa ardhi katika wilaya za Arusha na Moshi. Taarifa yake ya mwaka 1947 ilipendekeza, pamoja na mambo mengine, kwamba Wameru waliokuwa Engare Nanyuki, upande wa kaskazini-mashariki ya mlima, waondolewe ili pawe na eneo moja la mashamba ya Wazungu kati ya Meru na Kilimanjaro. Wameru walikataa. Mwezi wa Novemba 1951 serikali iliwaondoa kwa nguvu. Watu wapatao 3,000 walihamishwa, na nyumba zao zikachomwa moto.

Watu wa Meru hawakuchukua silaha. Walichukua karatasi. Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, na Mkataba wa Udhamini wa mwaka 1946 uliitaka serikali inayotawala kuheshimu haki za wenyeji na kulinda maslahi yao katika ardhi. Hati ya Umoja wa Mataifa nayo iliruhusu malalamiko ya watu wa nchi za udhamini kupokewa na kuchunguzwa. Chama cha Raia wa Meru, wakisaidiwa na wakili Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyefanya kazi Moshi, walizitumia hati hizo hizo za wakubwa kuwashitaki wakubwa. Walichanga fedha, wakamtuma Kirilo Japhet mpaka New York, na mwaka 1952 akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa kuyaeleza mashitaka ya watu wake. Azimio lililokusudiwa kuwatetea halikupata theluthi mbili ya kura katika Baraza Kuu. Lakini dunia ilisikia, na Watanganyika wengi walijifunza kwamba raia aweza kuihoji serikali kwa maandishi yake yenyewe.

Hebu tufikiri kazi ya kusoma iliyokuwamo katika kesi hiyo. Taarifa ya Wilson ilikuwa ya Kiingereza. Mkataba ulikuwa wa Kiingereza, tena Kiingereza cha wanasheria. Waliokuwa wakitoa shilingi zao walikuwa wakulima na wafugaji, na wengi wao hawakujua kusoma lugha yoyote. Mtu hatoi mchango wake kwa jambo asilolielewa. Ilikuwa lazima wachache wenye elimu wasome, wafasiri, waeleze, waulizwe, wajibu. Hatudai kwamba kila mkutano wa Wameru ulikuwa darasa. Tunasema tu kwamba hati ngumu ilipita katika kikao cha watu, na ilipotoka ilikuwa imekuwa silaha yao. Kitabu cha misheni na kikao cha wazee, vilivyokuwa vimetengana, vilikutana hapo.

Mwaka 1967 Kirilo Japhet na Earle Seaton waliiandika habari hiyo katika kitabu kilichochapishwa Nairobi na East African Publishing House. Nacho kiliandikwa kwa Kiingereza. Jambo hili tutalirudia.

Kisomo na kampeni

Mwaka huo huo wa 1967, kuanzia tarehe 26 hadi 29 Januari, Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana Arusha na kupitisha Azimio la Ujamaa na Kujitegemea, lililotangazwa tarehe 5 Februari. Jengo la mkutano, huko Kaloleni, sasa ni makumbusho. Azimio liliandikwa kwa Kiswahili, na hilo si jambo dogo: mwananchi wa kawaida aliweza kulisikia jinsi lilivyo, bila ya mkalimani. Lilisomwa redioni, magazetini, katika matawi na kwa wajumbe wa nyumba kumi kumi.

Lakini nani angelisoma kwa macho yake? Wakati huo kiasi cha theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma na kuandika. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wilaya sita zikachaguliwa ziwe za kwanza kufuta ujinga wa kutojua kusoma, miongoni mwake zikiwamo Kilimanjaro na Pare, jirani za Meru. Madarasa ya kisomo, ambayo watu waliyapa jina la utani la ngumbaro, yalifunguliwa chini ya miti, makanisani, misikitini na katika shule za msingi baada ya saa za masomo. Vitabu vya kwanza vilihusu kazi za wasomaji wenyewe: pamba, ndizi, uvuvi, ufugaji, siha ya nyumbani. Mwezi wa Agosti 1975 ulifanyika mtihani wa taifa zima, na idadi ya wasiojua kusoma ikaonekana kushuka hadi asilimia 39. Kufikia mwaka 1986 ilihesabiwa kuwa asilimia 10 hivi.

Pamoja na kisomo kulikuwa na kampeni za vikundi vya redio. Iliyojulikana zaidi ni Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ambayo ilikusanya watu wapatao milioni mbili kwa majuma kumi na mawili. Utaratibu wake ulikuwa rahisi. Kikundi kilikutana, kikasikiliza kipindi cha Redio Tanzania, kisha mwenye kujua kusoma akawasomea wenziwe sura ya kitabu kidogo kilichotayarishwa kwa kazi hiyo. Baada ya hapo waliijadili sura hiyo na kuamua la kufanya. Uamuzi ulikuwa wa vitendo: kuchimba choo, kufyeka majani karibu na nyumba, kuchemsha maji. Katika nchi nzima vikundi hivyo vilikaa, vikasikiliza, vikasoma, vikabishana. Tukiulizwa kama Watanzania wamewahi kuwa na klabu za kusoma, tunaweza kujibu kwamba walikuwa nazo kwa maelfu, hata kama hazikuitwa hivyo.

Mtindo huu ulikuwa na ndugu zake nje ya nchi. Huko Sweden, Oscar Olsson alianzisha duara la kujifunza katika mji wa Lund mwaka 1902, ambamo wafanyakazi wachache walikutana, wakasoma vitabu vya maktaba yao ndogo na kuvizungumza bila ya profesa. Elimu ya watu wazima ya Sweden ndiyo iliyosaidia baadaye kuzaliwa kwa Vyuo vyetu vya Maendeleo ya Wananchi, mwaka 1975. Huko Cuba, kuanzia mwaka 1865, wafanyakazi wa viwanda vya sigara walimlipa msomaji kwa fedha zao wenyewe, akae juu ya jukwaa na kuwasomea magazeti na riwaya huku mikono yao ikisokota tumbaku. Watu wa kazi, popote walipo, wamejua kwamba sikio nalo husoma.

Kilichopungua

Sasa inafaa tuulize: ikiwa tulikuwa na vikundi vingi namna hiyo, vilikwenda wapi?

Jibu letu ni kwamba kila zama tulizozitaja zilikuwa na kusoma kwa pamoja, lakini hazikuwa na uchaguzi wa msomaji. Misheni ilichagua kitabu cha dini. Shida ya ardhi ilichagua hati za sheria. Kampeni ilichagua kitabu cha afya au cha chakula, nacho kilitungwa na wataalamu mbali na kijiji. Hatuzilaumu zama hizo, maana kila moja ilifanya kazi iliyokuwa mbele yake. Lakini kampeni ilipokwisha, kikundi nacho kilikwisha, kwa kuwa wenyewe hawakuzoezwa kujiuliza: baada ya hiki, tusome nini?

Matokeo yake tunayajua. Herufi zisipotumiwa husahaulika kama njia isiyopitwa. Sensa ya mwaka 2002 ilionyesha kwamba watu wazima wanaojua kusoma walikuwa karibu saba tu kati ya kila kumi. Ni kweli kwamba namna za kupima hazikuwa zile zile, na kwamba shule nazo zilipitia miaka ya dhiki. Hata hivyo hapana shaka kwamba wengi waliofundishwa kusoma hawakupata cha kuendelea kusoma, wala mtu wa kusoma naye.

Na wale waliopita shuleni je? Mwanafunzi wa sekondari wa leo husoma sana, lakini husoma kile ambacho mtihani umekitaka. Riwaya huisoma kwa kutafuta dhamira, wahusika na mandhari, ayapange kwenye daftari na kuyarudisha siku ya mtihani. Matokeo yakitoka, kitabu huuzwa au hutupwa. Hivyo naye yu katika hali ile ile ya babu zake wa kisomo: ana uwezo wa kusoma, hana desturi ya kusoma. Hili ndilo jambo linalotutia wasiwasi. Taifa ambalo watu wake husoma kwa kulazimishwa tu litazisoma hati zake zikiwa zimekwisha kutiwa saini.

Kikundi cha usomaji na upana wa kusoma

Hapa ndipo tunapoiona thamani ya kikundi cha hiari. Tuseme, kwa mfano, watu wanane wa Tengeru au Usa River wameamua kukutana kila mwezi: mwalimu, muuguzi, fundi cherehani, dereva, mkulima wa kahawa, mama muuza ndizi, mwanafunzi wa kidato cha tatu na mzee mstaafu. Sharti lao ni moja. Kila mmoja, kwa zamu, atachagua kitabu, na wote watakisoma hata kama si cha aina waipendayo. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Na kwa sharti hilo kila mmoja atanufaika na nywele za wengine saba.

Mwanafunzi huenda akachagua Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, riwaya ya upelelezi iliyochapishwa mwaka 1960, na mzee ambaye hajawahi kusoma hadithi ya upelelezi atajikuta anakesha. Dereva atachagua Kuli cha Shafi Adam Shafi, cha mwaka 1979, juu ya wapagazi wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa mwaka 1948. Muuguzi atachagua Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi, cha mwaka 1971, ambacho kiliwahi kuzuiwa shuleni kwa muda. Mtu akikisoma peke yake aweza kukificha chini ya mto. Kikundi kitakizungumza mchana, wazazi na vijana pamoja. Mkulima atachagua Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, kitabu alichokiandika Aniceti Kitereza kwa Kikerewe na kukimaliza mwaka 1945, akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, kikachapishwa mwaka 1980. Ni kitabu kinene, na wengi hukiogopa. Kwa kusaidiana, watu wanane wataumaliza unene huo.

Tuseme tena kwamba mwalimu amechagua Kusadikika cha Shaaban Robert. Kitabu hicho humweleza Karama, anayeshitakiwa mbele ya mfalme kwa kosa la kutaka elimu ya sheria ifundishwe nchini. Katika kujitetea anasimulia habari za wajumbe waliotumwa nchi za mbali, wakarudi na maarifa, wakalipwa kifungo. Shuleni tumefundishwa kwamba hili ni fumbo juu ya utawala wa kigeni, nasi tukaliandika hivyo katika mtihani. Lakini katika kikundi chetu yumo mzee ambaye wazazi wake walihamishwa Engare Nanyuki. Yeye atauliza kitabu kilichapishwa lini. Ataambiwa mwaka 1951. Naye atanyamaza kidogo, kisha atasema kwamba mwaka huo huo ndio nyumba zilipochomwa, na kwamba Wameru nao walimtuma mjumbe nchi ya mbali. Kuanzia hapo kitabu hakitakuwa tena cha mtihani. Mwalimu ndiye aliyekijua kitabu, na mzee ndiye aliyeijua nchi. Bila ya kukaa pamoja, kila mmoja angekufa na nusu yake.

Penye wengi pana mengi. Hii ndiyo maana ya kupanua kusoma. Upana hauji kwa wingi wa vitabu peke yake. Huja pia kwa wingi wa macho yanayokitazama kitabu kimoja.

Kazi ya walimu na vijana

Kuanzisha kikundi cha namna hii hakutaki fedha nyingi. Watu sita hadi kumi na wawili wanatosha. Wakizidi, wengine hawatapata nafasi ya kusema. Mahali paweza kuwa darasani baada ya masomo, barazani kwa mmoja wao, au katika maktaba. Nchi yetu ina huduma za maktaba zilizoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1963, na vitabu vingi vizuri hukaa rafuni kwa sababu hapana anayeviuliza. Ikiwa nakala ni moja, na isomwe kwa sauti kwa zamu kama walivyofanya watu wa Mtu ni Afya. Mwenyekiti na abadilike kila kikao, ili kikundi kisigeuke kuwa darasa la mtu mmoja. Anayesema kwamba kitabu hakikumpendeza asichekwe. Aulizwe ni ukurasa gani uliomkera, na kwa nini.

Mwalimu anayejiunga hana budi kuiacha chaki yake mlangoni. Akitoa majibu sahihi kila mara, wenziwe watangoja majibu yake na kikundi kitakufa. Na aingie kama mshili au laigwanani mwema, ambaye kazi yake ni kuhakikisha kwamba kila upande umesema mpaka umemaliza.

Tena vikundi vya Arusha na Meru vina kazi moja ambayo hakuna mwingine awezaye kuifanya vizuri kuliko wao. Tumesema kwamba kitabu cha Kirilo Japhet na Seaton juu ya kesi ya ardhi kiliandikwa kwa Kiingereza. Wanafunzi wa sekondari wanaoijua lugha hiyo wakikaa na wazee wanaozijua habari zenyewe, wakakisoma sura kwa sura na kukifasiri kwa mdomo, watakuwa wamefanya mambo matatu kwa pamoja. Kijana ataipanua lugha yake. Mzee atakisikia kitabu kinachomhusu, na aweza kukisahihisha pale anapoona inafaa. Na jamii itaipokea historia yake katika lugha inayozungumzwa nyumbani na sokoni. Kazi ya kuvirudisha kwetu vitabu vinavyotuhusu imekwisha kuanza kwingineko: mathalani riwaya ya Paradise ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, ilitafsiriwa na Ida Hadjivayanis na kutolewa kwa jina la Peponi mwaka 2022.

Tumeona basi kwamba wakazi wa Mlima Meru hawakuanza jana kukaa pamoja mbele ya maandishi. Walikaa wakiwa wanafunzi wa dini, wakakaa wakiwa washitaki wa ardhi yao, wakakaa wakiwa wanakisomo. Kila mara walisoma kilicholetwa na mwingine au kilicholetwa na dhiki. Sasa nafasi ni yao, na ni yetu sote, ya kukaa tena na kusoma tulichokichagua wenyewe. Kijana anayesoma insha hii asingoje kampeni nyingine itangazwe. Na awatafute wenziwe watano kabla ya muhula kwisha, wakubaliane siku, na amwombe mmoja wao, tena yule ambaye ladha yake ni mbali kabisa na yake, ataje kitabu cha kwanza.